Masanze hadi Tabaka la Saba: Mambo Kumi ya Kujua Ukienda Kusomea Mitandao

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kuna kijana wa Masanze, au wa Zombo, au wa Ulaya (hiyo yetu ya Kilosa, isiyodai viza), anayejaza maombi ya chuo na kuandika kozi ya mitandao ya kompyuta akiwa hana wa kumuuliza. Babu anadhani anakwenda kusomea Facebook. Mjomba anasema ni ufundi redio, na kwamba ufundi redio umekufa. Mdogo wangu, wote wawili wamepitwa. Sogea hapa nikupe kumi za kubeba, tukihesabu kutoka mwisho kuja mwanzo, na ukitaniwa vumilia, maana huku kwetu asiyetaniwa hana ndugu.

10. Nyumbani utaitwa "fundi kompyuta". Itika.

Habari za kuchaguliwa kwako zitafika Masanze kabla yako, na zitafika zimefupishwa: "Mtoto wa fulani anasoma kompyuta." Likizo yako imekwisha kabla haijaanza. Mama mdogo ataleta simu iliyojifunga kwa sababu mtoto kaichezea namba za siri. Shangazi ataleta king'amuzi kinacholalamika hakuna mawimbi. Mzee mmoja atataka umrudishie hela aliyoituma kwa namba siyo. Huyo mwambie apigie kampuni ya simu hapo hapo, kabla aliyeipokea hajaipeleka dukani.

King'amuzi lakini usikikatae. Panda juu ukaangalie: dishi limesogezwa na upepo, au kichwa cha waya kimeingia maji na kuota kutu. Hilo ndilo tabaka la kwanza la mtandao, tabaka la vitu vinavyoshikika kwa mkono, na hitilafu nyingi utakazoitiwa maisha yako yote zitakuwa zimelala hapo. Shangazi amekupa mafunzo kwa vitendo bure, na wali juu.

9. Matabaka ni saba, na yote utapanda kwa miguu

Wiki za mwanzo utaimba mfumo wa OSI, ule uliochapishwa na shirika la viwango la ISO mwaka 1984: waya na mawimbi chini kabisa, juu yake kiungo, mtandao, usafirishaji, kikao, uwasilishaji, na programu kileleni. Kisha utagundua kitu kitakachokuudhi. Intaneti haikuwasubiri ISO. Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha wazo la TCP mwaka 1974, na mtandao wa Marekani wa ARPANET ulihamia TCP/IP tarehe 1 Januari 1983. Tabaka la tano na la sita utayatafuta kwenye intaneti halisi kwa tochi.

Yakariri hata hivyo, tena kwa moyo. Usiku ambao mtandao wa hospitali umezimika na kila mtu anakupigia simu, matabaka ndiyo yanayokupa mpangilio wa maswali. Waya umechomekwa? Taa ya swichi inawaka? Kompyuta imepata anwani? Inaifikia ruta? Majina ya tovuti yanatafsirika? Anayeruka ngazi huishia kununua seva mpya kwa kosa la waya uliokanyagwa na mhudumu wa usafi.

8. Desa halina mikono

Utarithi madesa ya waliokutangulia, yenye kalamu za watu watatu na doa la chai. Yasome kwenye kimbweta, piga msuli na wenzako. Ila hakuna desa lililowahi kusanidi swichi. Ukiona muhula unaisha na hujagusa kifaa, mfuate fundi wa maabara, msalimie kwa adabu, omba ukae naye jioni. Mafundi wa maabara ni maprofesa wasiovaa joho.

7. Nyaya nane zitakupima tabia

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi hujulikana.

Utapewa kebo, vichwa vya plastiki vya RJ45, na koleo la kubania. Ukimenya ganda utakuta nyaya nyembamba nane, zimesokotwa mbili mbili. Utazisokotoa, utazinyoosha kwa vidole, na kuzipanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Unazikata zilingane, unazisukuma ndani ya kichwa hadi uone ncha za shaba zimegusa ukuta wa mbele, unabana. Koleo linalia "ka!" na moyo wako unatulia.

Sasa atatokea mjanja wa darasa. Atauliza: kwa nini kijani imetenganishwa na mwenzake, buluu zimeingia katikati? Si nipange jozi kwa jozi, mradi pande zote mbili zifanane? Atafanya hivyo. Atachomeka kipimo, na taa zitawaka moja hadi nane kwa mpangilio. Atacheka. Kisha ataunganisha kompyuta kwa kebo ndefu, na mtandao utakwenda kwa kuchechemea au ugome kabisa.

Mjanja kasahau kwa nini nyaya zilisokotwa. Mawimbi husafiri kwa jozi, waya mmoja ukibeba umeme kinyume cha mwenzake, na ule msokoto ndio unaofanya kelele za nje zijifute zenyewe. Pini ya 3 na ya 6 ni jozi moja kwa mujibu wa kiwango. Ukiweka pale waya kutoka jozi mbili tofauti, umeme unapita, taa zinawaka, lakini msokoto haupo tena na nyaya zinaanza kusengenyana. Kipimo cha taa kinajua kama umeme umepita; hakijui kama ujumbe utaeleweka. Ndiyo maana pia usisokotoe zaidi ya sentimita moja na kidogo karibu na kichwa, na usivuke mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Kiwango hakikuandikwa ili kumkera mjanja wa darasa, ingawa kazi hiyo nayo kinaiweza vizuri.

6. Bumu likiingia, laptopu kwanza

Bodi ya Mikopo ikishamwaga, chuo kizima kinanukia chipsi. Wewe tafuta laptopu iliyotumika, yenye RAM ya kutosha kuendesha programu za kuigiza mtandao. 8 GB inafaa kuanzia. Packet Tracer ya Cisco hupatikana bila malipo, Wireshark vilevile. Viatu vipya vitangoja. Watakaovicheka vya zamani ndio watakaokugongea mlango usiku wa kuamkia kukabidhi kazi: "Kaka, ile topolojia yako inapitisha pakiti?"

5. Hisabati ya sabneti: igawe Masanze vipande vinne

Wanaokimbia hisabati hukimbilia TEHAMA, na hisabati inawakuta imefika kabla yao, imekaa mbele.

Chukua mfano wa nyumbani. Umepewa anwani 192.168.10.0 yenye nafasi 256, na unataka kuhudumia sehemu nne za kata: shule, zahanati, ofisi ya mtendaji, na chama cha ushirika. Hutaki wanafunzi wachungulie kompyuta ya zahanati. Unakopa biti mbili, unapata vipande vinne vya anwani 64: cha kwanza 0 hadi 63, cha pili 64 hadi 127, cha tatu 128 hadi 191, cha nne 192 hadi 255. Katika kila kimoja, anwani ya kwanza ni jina la kipande chenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote, hivyo vifaa vinabaki 62. Kompyuta ya shule yenye namba 60 na ya zahanati yenye namba 70 zinaweza kuwa zimechomekwa kwenye swichi moja, meza moja, na zisizungumze mpaka ruta iruhusu.

Fanya hesabu hii kwa kalamu mpaka uifanye ukiwa kwenye daladala umesimama. Halafu panua: anwani za IP toleo la nne zina biti 32, jumla yake ni kama bilioni 4.3, na watu duniani wamepita bilioni 8, wengi na simu zao, baadhi na mbili na redio inayotaka nayo anwani. Ndiyo sababu utasoma toleo la sita, lenye biti 128. Kwa Afrika mgawaji wa anwani ni AFRINIC, makao yake Mauritius. Somo hili wengi huliruka, na kila ninapokutana na mhandisi kijana anayelijua vizuri namheshimu papo hapo.

4. Kwa nini jirani anashangilia goli kabla yako

Jumamosi ya Simba na Yanga. Nyumba ya kwanza ina redio. Ya pili ina king'amuzi. Ya tatu kuna kijana anatazama kwenye simu kwa bando. Penalti inapigwa: nyumba ya redio wanaruka, sekunde chache baadaye ya pili wanaruka, na yule wa bando bado anamwona mpigaji akiweka mpira chini, huku akijua kila kitu. Hasira zake ni somo zima la muhula.

Satelaiti ya televisheni imekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka kwa kasi ya mwanga ni kama robo ya sekunde. Si nyingi. Muda mwingi unaliwa na mashine zinazobana picha kabla ya kutuma na kuifungua upande wa pili. Kwenye simu kuna zaidi: picha hukatwa vipande vya sekunde kadhaa, na simu hukusanya akiba ya vipande kabla ya kuonyesha, ili mnara ukizidiwa usione picha inaganda. Kijana wetu amenunua utulivu kwa kulipa ucheleweshaji. Katika kozi hii utauziwa biashara ya namna hiyo kila wiki: kasi au uhakika, uwezo au gharama. Simu ya sauti haisubiri, kwa hiyo inavumilia kupoteza pakiti moja moja. Muamala wa benki unasubiri, kwa hiyo haukubali kupoteza hata moja. Ukishaweza kueleza hilo kwa yule kijana mwenye hasira, umefaulu, hata kama yeye bado hataki kukusikia.

3. Kidatu ilikufundisha kabla ya profesa

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachonifanya niamini kwamba mtoto wa njia ya Kilosa na Mikumi hafiki chuoni mikono mitupu.

Kutoka Kilosa lilijengwa tawi la reli ya kati kupitia Mikumi hadi Kidatu. Upana wake ni milimita 1,000. Pale Kidatu likakutana na TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, yenye upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne vya mtu mzima, na behewa haliwezi kuvuka. Ikabidi iwekwe yadi ya kuhamishia mizigo: kontena linanyanyuliwa kutoka behewa la reli hii linawekwa juu ya behewa la reli ile. Mzigo ndani haufunguliwi. Na sasa SGR, yenye milimita 1,435, imepita Kilosa. Mkoa mmoja wa Morogoro una reli za vipimo vitatu. Sijui profesa gani angeomba kielelezo kizuri zaidi.

Hilo ndilo wazo la Cerf na Kahn. Mitandao ya wakati ule haikufanana: mingine ya redio, mingine ya satelaiti, mingine ya waya. Wangeweza kudai wote wang'oe reli na kujenga upya. Hawakudai. Walisema kila mtandao ubaki na upana wake, tukubaliane juu ya kontena tu, na kwenye kila makutano tuweke yadi. Yadi ndiyo ruta. Inapokea fremu (ndiyo behewa) ya mtandao huu, inatoa pakiti ya IP (ndiyo kontena) iliyo ndani, inaipandisha kwenye fremu ya mtandao unaofuata. Video ya harusi uliyotumiwa kutoka Muscat imebadilishwa mabehewa mara nyingi, kutoka Wi-Fi kuingia faiba, kutoka faiba kuingia mkongo wa baharini, hadi mawimbi ya mnara, na bibi harusi hakukunjwa hata gauni.

Katika safari hiyo, kila ruta hupunguza namba fulani ndani ya pakiti kwa moja. Namba ikifika sifuri, pakiti hutupwa, la sivyo iliyopotea ingezunguka milele. Kuna amri inayotumia ujanja huo kukuonyesha kila ruta pakiti ilikopitia: andika `tracert` kwenye Windows, au `traceroute` kwenye Linux, ufuatishe jina la tovuti yoyote. Utaona stesheni zikijitokeza mstari kwa mstari. Ifanye leo, usingoje mwaka wa pili.

2. Tarehe 12 Mei 2024, au siku wote walipojua mkongo ni nini

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Kila mwanafunzi wa mitandao akaulizwa na ndugu zake, "Mmefanya nini huko?"

Watu walishangaa kwamba intaneti ina mahali, na kwamba mahali hapo panakatika. Njia ya kulifikia wingu linalosifiwa sana imelala chini ya bahari, ni nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. SEACOM ilianza huduma Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka uliofuata. Na kabla ya mikongo hiyo, mwaka 1879, waya wa telegrafu ulilazwa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Pwani ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba wakati ule aliyekatikiwa alikuwa mfanyabiashara wa karafuu, na leo ni mama wa Mikumi anayesubiri hela kwenye simu.

Mwanga ndani ya kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari ya kilomita 10,000 ni milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, na hakuna waziri wala mhandisi atakayezipunguza. Kinachowezekana ni kuacha kusafiri bila sababu. Dar es Salaam kuna TIX, kituo ambacho kampuni za intaneti hubadilishana pakiti za humu humu nchini, ili barua pepe ya Kilosa kwenda Morogoro mjini isizungukie ng'ambo. Ukisikia mtu anaona vituo vya namna hiyo na seva za nyumbani ni anasa, mkumbushe Jumapili ile.

1. Milima yetu inangoja mtu wake

Wanasema huku mtandao unasumbua. Sawa, lakini unasumbua kwa sababu zinazohesabika, na wewe ndiye unayekwenda kujifunza kuzihesabu. Mnara wa GSM wa kawaida haumhudumii mtu aliye zaidi ya kilomita 35, hata kama mawimbi yanamfikia, kwa sababu mfumo hupangia kila simu zamu kwa vipande vya muda, na ya mbali kupita hapo huwa inachelewa zamu yake. Mlima ukisimama kati yako na mnara, masafa ya juu yanaishia kwenye mwamba. Masafa ya chini hujikunja kidogo na kupenya majani. Ndiyo maana katika vijiji vya milimani watu wana jiwe lao la kusimama wakitaka kupiga simu. Jiwe hilo ni jawabu sahihi la mtihani wa redio, limepatikana bila kikokotoo.

Serikali ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kupeleka huduma mahali ambapo kampuni hazioni faida, na mwaka 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 ya vijijini. Nashukuru kwa kila mmoja. Lakini mnara unahitaji mtu anayejua kwa nini umewekwa pale na si kilima cha pili, na mtu huyo akiwa amechunga mbuzi kwenye vilima hivyo, nchi inaokoa hela nyingi.

Hii si ndoto. Chuo Kikuu cha Dodoma, chenye ndaki yake ya CIVE inayofundisha uhandisi wa mitandao ya kompyuta na usalama wa taarifa, kina mhadhiri anayeitwa Jabhera Matogoro. Yeye na wenzake wa Internet Society tawi la Tanzania walikwenda Kondoa, kaskazini mwa Dodoma, wakasimamisha mtandao wa jamii kwa kutumia nafasi za masafa ya televisheni zisizo na matangazo. Masafa hayo ni ya chini kuliko ya Wi-Fi, huenda mbali na huvumilia miti. Shule zikaunganishwa. Elimu ya darasani ilitoka darasani ikaenda kijijini, na haikufa njiani.

Na Dodoma si mbali tena. SGR ilianza safari za huko mwaka 2024, na stesheni ipo Kilosa. Begi, laptopu, ufuta wa mama wa kuwapelekea watani zetu Wagogo, na unafika mchana.

Kwa hiyo, wewe uliye kidato cha pili au cha tatu Masanze, usiiache hisabati wala fizikia, hata mwalimu akiwa mmoja na darasa limejaa. Wewe mwenye matokeo mkononi, dirisha la udahili likifunguliwa usingoje siku ya mwisho: angalia Dodoma, angalia ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, angalia DIT na MUST ya Mbeya, na alama zikiwa pungufu anza na stashahada upande. Binti, nakutaja wewe kwanza, kwa sababu nafasi yako darasani ipo na tunakuhitaji. Na nyie wazazi, mtoto akisema anataka kusomea mitandao, msimuulize tena kama ni Facebook. Muulizeni atahitaji nini kabla ya Oktoba.